Mwimbaji wa Nyimbo za Kuazima

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii ina kweli katika mambo mengi, maana mwenye nguo aweza kuitaka wakati wowote, na aliyeivaa akabaki na aibu mbele ya watu. Lakini je, ina kweli katika sanaa pia? Mtu akiimba wimbo uliotungwa na mwenzake, wimbo ambao watu wamekwisha kuusikia na kuupenda katika sauti ya yule wa kwanza, aweza kusimama mbele ya wasikilizaji bila ya kuona haya? Swali hili si dogo. Lamhusu mwimbaji, lamhusu mghani wa mashairi, na lakuhusu wewe pia, msomaji kijana, kila uketipo kuandika insha baada ya kusoma insha nzuri za wengine. Nataka tulitafutie jibu kwa msaada wa santuri moja tu.

Santuri hiyo yaitwa Otis Blue, na jina lake la pili ni Otis Redding Sings Soul. Ilitolewa Marekani mwezi wa Septemba, 1965. Mimi ni mkusanyaji wa santuri za zamani, na katika zote nilizo nazo hapana niliyoisikiliza mara nyingi kuliko hii. Ina nyimbo kumi na moja, tano upande wa kwanza na sita upande wa pili. Katika hizo, nane ni nyimbo za watu wengine. Tatu tu zina mkono wa Otis Redding mwenyewe, na moja ya hizo tatu aliitunga pamoja na mwenzake, Jerry Butler. Kwa hiyo mtu mwenye haraka aweza kusema kwamba santuri hii ni kapu la vitu vya kuazima. Hesabu yake ni sahihi, lakini hukumu yake si sahihi, nami nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza yafaa tuujue muziki wenyewe. Soul maana yake ni roho, na jina hilo walipewa muziki wa watu weusi wa Marekani ulioshamiri katika miaka ya 1960. Muziki huo ni mtoto wa wazazi wawili. Mzazi mmoja ni nyimbo za kanisani, ambamo kiongozi huita na watu wakaitika, na sauti hupanda kutoka katika unyenyekevu hadi kilio. Mzazi wa pili ni blues, nyimbo za huzuni na maisha magumu. Waimbaji wa soul waliichukua sauti ya kanisani, wakaitia katika mambo ya dunia: mapenzi, kazi, kutengana, na kudai heshima. Basi muziki wenyewe tangu kuzaliwa kwake ulikuwa ni wa kuazima na kugeuza.

Otis Redding alizaliwa tarehe 9 Septemba, 1941, katika mji mdogo wa Dawson, jimbo la Georgia, akakulia katika mji wa Macon. Baba yake alikuwa mhubiri, na kijana alianza kuimba kanisani. Alipokuwa na umri wa miaka 15 aliacha shule ili aisaidie jamaa yake. Mji wa Macon ulikuwa umekwisha kumtoa mwimbaji mwingine mashuhuri, Little Richard, aliyejulikana kwa sauti ya makelele na furaha nyingi. Redding alimpenda mno, na santuri zake za kwanza kabisa zaonyesha wazi kwamba alikuwa akimwiga. Ukizisikiliza leo utasikia Little Richard wa pili, na dunia haikuwa na haja ya Little Richard wa pili.

Mwaka 1962 alikwenda Memphis, katika jimbo la Tennessee, pamoja na bendi ya mpiga gitaa Johnny Jenkins. Redding ndiye aliyeendesha gari. Kazi ya siku ile ilipokuwa inakwisha, alipewa nafasi ndogo ya kujaribu sauti yake. Aliimba wimbo wake mwenyewe wa polepole, These Arms of Mine, na hapo kwa mara ya kwanza waliokuwapo waliisikia sauti isiyokuwa ya mtu mwingine: nzito, yenye mikwaruzo, yenye kusihi, kama ya mtu aliyezuia machozi kwa muda mrefu. Tujifunze hapa jambo la kwanza. Kuiga si dhambi kwa anayejifunza, maana mtoto hujifunza kusema kwa kuwaiga wazazi wake. Dhambi ni kubaki katika kuiga wakati umekwisha kuota mbawa.

Studio iliyomsikia siku ile iliitwa Stax. Waanzilishi wake walikuwa wazungu wawili, Jim Stewart na dada yake, Estelle Axton. Nyumba yao ilikuwa zamani sinema, na sakafu yake ilikuwa bado imeinama kuelekea mahali pa jukwaa, kama sakafu za sinema zilivyo. Mahali palipouzwa peremende kwa watazamaji pakawa duka la santuri. Ndani ya nyumba hiyo watu weusi na wazungu walipiga muziki pamoja, katika mji ambao kwa miaka mingi sheria na desturi ziliwatenga shuleni, hotelini na garini. Steve Cropper wa gitaa na Donald Dunn wa gitaa la besi walikuwa wazungu. Al Jackson wa ngoma, na Booker T. Jones na Isaac Hayes wa vinanda, walikuwa weusi. Katika ala za kupuliza, Wayne Jackson wa tarumbeta alikuwa mzungu, na Andrew Love wa saksafoni alikuwa mweusi. Ukifumba macho na kuisikiliza santuri, hutaweza kubagua nani ni nani.

Karibu santuri yote ilirekodiwa tarehe 9 na 10 Julai, 1965. Walianza saa nne asubuhi, wakaendelea mpaka saa nne usiku. Hapo waliachana, kwa sababu baadhi ya wapigaji walikuwa na kazi ya kupiga katika dansi za mjini. Saa nane usiku wakarudi, wakaendelea mpaka kazi ikaisha siku ya pili. Fundi wa sauti, Tom Dowd, alikuwa ametoka New York kuja kuisimamia mitambo. Redding hakuandika muziki kwenye karatasi. Alipotaka tarumbeta zipige kitu fulani, alikiimba kwa mdomo wake, na wapigaji wakakishika kama walivyokisikia. Ndiyo sababu katika santuri hii tarumbeta zasema kama mtu, na mtu alia kama tarumbeta.

Huenda ukasema kwamba haraka haraka haina baraka. Naam, lakini tofautisha haraka na utayari. Wapigaji hawa walikuwa wamefanya kazi pamoja siku nyingi, kila mmoja akiijua pumzi ya mwenzake. Kazi ilikuwa ya siku moja. Maandalizi yake yalikuwa ya miaka.

Sasa tuzitazame nyimbo za kuazima. Tatu kati yake ni za Sam Cooke. Cooke alikuwa mwimbaji wa nyimbo za kanisani aliyegeukia nyimbo za dunia, mtu mwenye sauti laini kama mafuta, na Redding alimheshimu sana. Tarehe 11 Disemba, 1964, Cooke aliuawa kwa bunduki mjini Los Angeles, naye alikuwa na umri wa miaka 33. Redding alipoingia studio ilikuwa imepita miezi saba tu. Kwa hiyo nyimbo hizi tatu ni zaidi ya kuazima. Ni mkono wa rambirambi.

Wimbo mkubwa kuliko zote hizo ni A Change Is Gonna Come. Cooke aliutunga baada ya yeye na wenzake kukataliwa nafasi, mwaka 1963, katika hoteli moja ya Shreveport, Louisiana, kwa sababu ya rangi yao. Wimbo wasimulia taabu ya mtu mweusi tangu kuzaliwa kwake, na juu ya taabu hiyo watangaza tumaini kwamba mabadiliko yatakuja. Cooke aliuimba akizungukwa na fidla nyingi, kwa utulivu na fahari, kama mtu aliyesimama juu ya kilima anayeiona nchi iliyo mbele. Redding hakujaribu kupanda kilima hicho. Aliziondoa fidla, akaweka tarumbeta zenye ukali, na sauti yake yakatikakatika njiani. Huyu haioni nchi ile bado. Yumo barabarani, miguu yamuuma, lakini ajua kwamba ipo.

Je, amemshinda Cooke? Kwa maoni yangu, la. Wimbo wa kwanza ni mkubwa zaidi, na mhakiki asiyesema hivyo ataonekana mpenzi tu wala si mwamuzi. Lakini Redding ametupa jambo ambalo halimo katika ule wa kwanza, nalo ni uchovu wa mtu anayeendelea kutembea. Kumbuka mwaka wenyewe. Sheria ya kulinda haki ya watu weusi kupiga kura ilitiwa sahihi tarehe 6 Agosti, 1965, yaani hata mwezi haujapita tangu usiku ule wa Memphis. Tumaini lilikuwa karibu, lakini waliolidai walikuwa wamepigwa na kufungwa kwa ajili yake. Nyimbo hizi mbili zatuonyesha pande mbili za jambo moja, na tungekuwa na upande mmoja tu kama Redding angeogopa kuazima.

Katika wimbo wa pili, Wonderful World, naona kosa. Humo kijana wa shule akiri kwamba hajui sana historia wala masomo mengine, ila ajua kwamba ampenda msichana fulani. Ni mzaha mtamu, na sauti laini ya Cooke yaufaa kabisa. Sauti ya Redding ni ya mtu mzima aliyekwisha kuteswa na dunia. Humwamini kwamba shida yake ni kitabu cha historia. Nguo hii ni nzuri, lakini mabega ya mvaaji ni mapana mno. Hali kadhalika My Girl, wimbo uliopata sifa kwa kundi la Temptations: Redding auimba vizuri, lakini utamu wa wale vijana waliopatanisha sauti zao haukuhitaji kusaidiwa. Nataja makosa haya kwa makusudi, ili usidhani kwamba kila anayegeuza hutengeneza. Wako wanaogeuza wakaharibu, na mtu yule yule aweza kutengeneza asubuhi na kuharibu jioni.

Tazama sasa ushindi wake mkubwa. Mwezi ule ule wa Julai, 1965, wimbo uliokuwa juu ya nyimbo zote Marekani ulikuwa Satisfaction, wa vijana wa Kiingereza walioitwa Rolling Stones. Ndani yake mna kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa tena na tena, chenye sauti ya kukwaruza. Keith Richards, aliyekibuni, ameeleza kwamba katika mawazo yake kipande kile kilikuwa cha kupigwa na tarumbeta, na gitaa lilikuwa la kushika nafasi tu. Redding na wenzake, bila ya kuambiwa, walikipa tarumbeta. Kisha Redding akayapokea maneno kwa namna yake. Hakuyafuata yote. Aliyakata, akayarudia, akatia silabi zake mwenyewe kama mpiga ngoma atiavyo mapigo, na mwishoni bendi nzima yakimbia kama gari lisilo na breki.

Hapa lipo fumbo zuri. Vijana wale wa Rolling Stones walijifunza muziki kwa kusikiliza santuri za watu weusi wa Marekani. Hata jina la bendi yao walilitoa katika wimbo wa Muddy Waters, bingwa wa blues. Basi Redding alipouchukua wimbo wao, nani alikuwa akiazima kwa nani? Nguo ilikuwa imetoka nyumbani, ikavuka bahari, ikashonwa upya London, kisha ikarudi kwa wenyewe, wakaivaa na kuikata tena. Katika sanaa mali haikai mahali pamoja, na anayejigamba kwamba hajaazima kitu, aghalabu amesahau tu alikokitoa.

Tusimwache Redding kama mtunzi. Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, I've Been Loving You Too Long, ndio alioutunga na Butler. Mwendo wake ni wa polepole sana. Tarumbeta zapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwimbaji apanda nazo akimsihi mwanamke ambaye mapenzi yake yamepoa. Wakusanyaji wa santuri wajua siri moja juu yake: katika santuri za mono mna wimbo uliorekodiwa kabla, mwaka ule ule, bali katika santuri za stereo mna ule ulioimbwa upya mwezi wa Julai. Mtu mmoja, wimbo mmoja, mwaka mmoja, na bado maombolezo hayafanani. Hata mwenye wimbo akiurudia huwa amejiazima mwenyewe, na hana budi kuufanya uwe hai tena.

Wimbo wake mwingine ni Respect, na huu ndio uliompima. Kama Redding alizichukua nyimbo nane za watu wengine, angefanya nini siku yake ilipochukuliwa? Katika wimbo huu mwanamume anayerudi kutoka kazini na fedha zake ataka heshima nyumbani kwake. Ulipendwa kiasi mwaka 1965. Mwaka 1967 aliuchukua Aretha Franklin, naye ni mtoto wa mhubiri. Aliyageuza maneno yatoke kinywani mwa mwanamke, akawaweka dada zake wamwitikie, akaongeza kipande ambamo neno lenyewe la heshima latamkwa herufi kwa herufi. Wimbo ukapanda mpaka nafasi ya kwanza, ukawa sauti ya wanawake na ya watu weusi waliokuwa wakidai haki zao. Leo watu wengi hawajui kabisa kwamba ulikuwa wa Redding. Mwezi wa Juni mwaka huo, mbele ya umati mkubwa huko Monterey, California, Redding aliwatania wasikilizaji kwamba msichana mmoja amemnyang'anya wimbo wake; kisha akauimba kwa nguvu zake zote. Alilipa kwa furaha deni ambalo yeye mwenyewe aliwahi kukopa.

Lakini tahadhari, msomaji wangu, usije ukatoka hapa na udhuru wa kunakili kazi ya mwenzako darasani. Itazame karatasi ya duara iliyo katikati ya santuri. Chini ya jina la kila wimbo, kwa herufi ndogo, pameandikwa jina la aliyeutunga. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza baina ya mwazimaji na mwizi: mwazimaji humtaja mwenye mali. Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Mwizi huificha mali asiguse kitu, maana kila alama ya mkono wake yaweza kumfichua. Mwigaji huirudisha kama alivyoipokea, haikupungua wala haikuongezeka. Mwazimaji hodari huirudisha ikiwa na kitu ambacho mwenyewe hakujua kwamba kimo ndani yake.

Yapo mambo mawili ya kusikitisha ambayo sipendi kuyanyamazia. La kwanza ni jalada. Juu yake pana picha ya uso wa mwanamke mzungu mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Uso wa mwimbaji haumo. Sauti ya mtu mweusi iliuzwa kwa sura isiyokuwa yake, katika mwaka ule ule wa kudai haki. Jiulize maana yake, wala usisahau jibu lako. La pili ni umri wake. Tarehe 10 Disemba, 1967, ndege iliyomchukua Redding pamoja na vijana wa bendi ya Bar-Kays ilianguka katika ziwa Monona, mjini Madison, Wisconsin. Alikuwa na umri wa miaka 26. Ilikuwa imebaki siku moja tu itimie miaka mitatu tangu Sam Cooke kufariki. Siku chache kabla ya ajali alirekodi wimbo mpya wa utulivu, The Dock of the Bay, nao ukafika nafasi ya kwanza mwaka 1968, mwenyewe hayupo kuuona.

Wimbo unaoifunga santuri hii ni wa William Bell, mwimbaji mwingine wa Stax, juu ya mtu aliyepoteza alichokuwa nacho, na sasa ndipo anapoijua thamani yake. Redding auimba bila ya kujionyesha, kama aliyekwisha kusema yote mengine na kubakiwa na hili tu.

Sasa kazi ni yako. Nyimbo hizi hupatikana siku hizi hata katika simu. Sikiliza A Change Is Gonna Come wa Cooke, kisha wa Redding. Sikiliza Respect wa Redding, kisha wa Aretha. Usiulize upesi ni upi unaokupendeza. Uliza kwanza huyu wa pili ameondoa nini, ameongeza nini, na ameona nini ambacho wa kwanza hakukiona. Ukiweza kujibu maswali hayo matatu kwa maneno yako mwenyewe, utakuwa umeanza kazi ya uhakiki. Na utakapoketi tena kuandika insha yako, huku sauti za waandishi uwapendao zikikuvuma masikioni, usiogope: kata kitambaa, shona upya, uvae mbele ya watu, na useme bila ya haya ni nani aliyekuazima.